Kona ya Shafti

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia, na jirani yako fundi cherehani bado ana sauti ya kukugombeza, maana akinyamaza yeye hakuna mwingine utakayemsikia. Ningepiga simu, ila mara ya mwisho nilikueleza kwa furaha kwamba nimepata cheti, nawe ukanipa pole na kuuliza mazishi ni lini.

Huku tunasukuma siku. Mdogo wangu, yule uliyempa jina la Polepole kwa sababu alichelewa kuzaliwa wiki tatu, ametolewa shimoni. Sasa ndiye mwendesha winchi pale mgodini. Anakaa juu kwenye kibanda, anashika mkono wa breki, anateremsha watu kwenye kizimba asubuhi na kuwapandisha jioni. Wachimbaji wanalalamika kwamba akiwashusha yeye, mtu anaweza kumaliza kunyoa ndevu njiani. Mimi nalala vizuri tangu ahamishwe.

Jambo lenyewe ni hili. Mgodi umeleta karakanani kwetu shafti ya winchi hiyohiyo, ile inayobeba ngoma ya kamba. Imelika pale beringi inapokaa. Wanataka mpya ndani ya wiki tatu. Kwa sasa wameazima winchi ndogo. Bosi wetu, ambaye wateja humwita Kesho, amewaahidi wiki moja. Na kwa mara ya kwanza kazi nzima nimepewa mimi, toka kuchagua chuma hadi kukabidhi.

Njia ziko tatu. Kesho anataka tujaze palipolika kwa kuchomelea, halafu nikereze juu yake. Au nichukue chuma kipya cha mviringo, nikikereze chote kwenye mashine. Au tumpe mhunzi akifue kwanza kwa moto, kisha mimi nimalizie. Kitabu changu cha chuo kinasema "inategemea". Nimesoma miaka miwili kuja kuambiwa inategemea.

Mchoro hakuna. Nina shafti ya zamani tu kama sampuli. Unene wake ni milimita sabini, na inapofika kwenye beringi inashuka hadi sitini. Pale begani, inaposhuka, kona si kona: imezunguka, imelegea kama sabuni iliyotumika. Nadhani fundi wake alikuwa na kisu butu, au alikuwa anawahi kula. Hiyo nitainyoosha ikatike kama pembe ya kitabu, ulivyonifundisha.

Nijibu upesi, Mjomba. Hadithi utaniandikia baadaye.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu mwenye cheti,

Marahaba. Kifua changu kimekuwa kama mlango mbovu: ukifungua unalia, ukifunga unalia. Fundi cherehani amenishonea suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, na anasema kosa ni la miguu yangu. Paka amekufa. Nilidhani amelala, siku mbili nzima. Ndivyo ulivyo uziwi, hujui nani amenyamaza na nani hayupo. Mpe Polepole hongera yangu. Mwambie kiti cha winchi kinafaa mtu kama yeye. Wenye haraka wapelekwe kuuza maji.

Uliniambia nijibu upesi. Nimeona. Kulikuwa na mambo.

Kuchomelea, hapana. Ni kama kumtia mzee jino la dhahabu: linang'aa, lakini fizi ni zilezile. Moto unakigeuza chuma tabia pale ulipogusa, nacho hakikuambii. Kwa bawaba ya geti, chomelea. Kwa kitu kinachozunguka kimebeba watu, mwambie Kesho akachomelee meno yake.

Kufua ni njia ya heshima. Chuma kikipigwa nyundo kikiwa cha moto, nyuzi zake hulifuata umbo badala ya kukatwa. Lakini hiyo ni kwa kitu chenye kichwa kikubwa na shingo nyembamba. Shafti yako imenyooka. Kutoka sabini hadi sitini si safari ya kumsumbua mhunzi, na mhunzi akikizidishia moto, umenunua mkate ulioungua.

Kwa hiyo kereza. Chuma kipya, si kile cha kujengea nyumba. Mara ya kwanza kata kwa kina, ubakize nusu milimita, kiache kipoe mpaka siku ya pili, ndipo umalizie kwa kisu kipya na mwendo mdogo. Mahali pa beringi pasagwe kwa jiwe.

Sasa ile kona. Usiinyooshe. Iache imezunguka kama tumbo la kijiko, laini, bila hata mchubuko wa kisu. Fundi wa zamani hakuwa na kisu butu wala njaa. Alijua alichokuwa anafanya. Mimi nilikufundisha kona kali kwa sababu inapendeza, na wateja hununua kwa macho. Kwa shafti ya kubeba watu, sahau nilichokufundisha.

Kama umeshaikereza, itupe. Kama imeshafungwa, wafungue.

Usiniulize nimejuaje.

Mjomba wako


30 Machi

Mpwa wangu,

Salamu za kwanza hazijajibiwa, natuma za pili zikazitafute. Mimi mzima kwa kipimo cha umri wangu. Mvua imeingia chumbani, ikakaa kwenye kiti changu, nami nimehamia kitandani kama mgeni.

Nilikuandikia tarehe mbili. Kwa kawaida barua kutoka huku hufika kwenu kwa siku nne, tano, dereva wa basi akiwa mlevi sita. Uliipata? Ile kona uliifanyaje? Niandikie neno moja tu, "nimezungusha", nami nitanyamaza. Unajua sina cha kufanya siku hizi isipokuwa kunyamaza.

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo sana, na pole kwa kiti. Nisamehe kwa ukimya, kazi zimetubana. Nina habari njema tatu. Kesho amenifanya mkuu wa mashine za kukereza, na jina langu limeandikwa kwenye ubao wa getini kwa rangi nyekundu, chini ya lake. Wanaume wawili wa karakana wamegoma kunisalimia, kwa hiyo asubuhi naokoa muda. Ya pili, Polepole amepata mchumba. Amemchunguza miaka minne kabla ya kumwambia. Msichana anasema alishaanza kumsahau. Ya tatu, shafti ilifungwa tarehe 26 Februari na inazunguka vizuri. Niliikereza kutoka chuma kipya, kama ulivyokuja kushauri baadaye; nilimkatalia Kesho kuchomelea mpaka akaniita bibi harusi wa chuma. Mhandisi wa mgodi alipitisha kidole juu yake, akasema haijawahi kuonekana kazi safi namna ile.

Barua siku hizi zinachelewa sana. Sijui ni posta au ni dereva wako.

Polepole nimemwambia awe anasikiliza mlio wa shafti kila asubuhi kabla ya kushusha watu. Anasikiliza. Unamjua, ukimwambia jambo halitoki.

Niishie hapa, karatasi imekwisha.

Mpwa wako


9 Mei

Mjomba,

Sina salamu za kupamba. Tuko hai, mimi na Polepole. Wengine hawako.

Tarehe tatu asubuhi, zamu ya kwanza, shafti ilikatika. Watu watatu walikuwa ndani ya kizimba. Wawili wamekufa. Wa tatu amevunjika nyonga, na hajaongea mpaka leo. Kizimba hakikuwa kimefika hata nusu ya shimo.

Polepole alivuta breki. Ngoma ilikuwa imeshatoka mahali pake, breki ikawa inashika hewa. Aliushikilia ule mkono mpaka ngozi ya viganja ikabaki juu ya chuma. Walipofika wakamkuta bado anavuta. Ofisi ya mgodi imeandika kwamba mwendeshaji alishusha kwa kasi kupita kiasi, halafu akaachia breki kwa ghafla, ndipo shafti ikakatika kwa mshtuko. Amechukuliwa siku hiyohiyo. Yuko rumande.

Kwa kasi, Mjomba. Mtu ambaye chai yake hupoa kabla hajachagua kikombe. Nilicheka pale mbele ya askari, nikashindwa kuacha, wakanitoa nje.

Nilikwenda kumzika mmoja wa wale wawili. Nilikaa nyuma kabisa, kando ya viatu. Mkewe alinifuata, akanishika mkono, akanishukuru kwa kuja. Alidhani nimetumwa na mgodi. Sikumsahihisha.

Kama barua yako ya kwanza ingewahi, haya yote yasingekuwepo.

Mpwa wako


18 Mei

Mpwa wangu,

Pole. Nimelitafuta neno kubwa kuliko hilo nikakuta lugha imeishia hapo. Nimempa fundi cherehani barua yako aisome mwenyewe, amelia mpaka kitambaa cha mteja kimelowa. Mimi sikulia. Kuna kulia kunakochelewa, nacho ni kibaya zaidi.

Sasa nivumilie, maana nitakuuliza kama polisi.

Barua yangu uliipata tarehe gani? Mwezi wa nne uliniambia karatasi imekwisha, na nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe. Uliniambia umekataa kuchomelea, umetumia chuma kipya, mhandisi amepitisha kidole. Kona hukuitaja. Na ulimwambia mdogo wako asikilize mlio. Mtu hamwambii mwenzake asikilize kitu ambacho yeye mwenyewe hakiogopi.

La pili. Vile vipande viwili viko wapi? Vitafute, utazame uso wa pale palipokatika. Chuma kikivunjwa kwa mshtuko wa mara moja, uso wote huwa wa chembechembe, kama sukari. Kikichoka kidogo kidogo, siku kwa siku, uso hubaki na mistari laini iliyopinda, mmoja nyuma ya mwenzake, kama alama yanazoacha maji ukutani mwa pipa yanapopungua. Ile mistari ina mahali inapoanzia. Tazama inapoanzia.

Ukiona mistari, Polepole hakuvunja kitu. Mistari haitengenezwi asubuhi moja.

Mjomba wako


1 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Polepole amekonda. Nimeruhusiwa kumwona mara moja. Viganja vimefungwa bandeji, analishwa na mwenzake wa selo. Kaniuliza kama mchumba wake amekuja. Nimemwambia njia ni mbovu.

Vipande viko karakanani. Mgodi umetuagiza shafti nyingine, na wamevileta vyenyewe kama sampuli, kwenye toroli, bila hata kuvifunika. Hakuna mtu pale aliyefikiri vina maana. Kesho alivitazama akaniita pembeni.

"Kile kirefu kikwangue uso," akasema. "Pitisha kisu mara mbili, upate chuma safi, tukitoboe tutengeneze bushi."

"Bosi, pale si ndipo palipokatika?"

"Napaona. Ndiyo maana nasema papite kisu."

"Mkaguzi wa mitambo hajafika."

"Mkaguzi ameshaletewa ripoti ya mgodi. Wale wanasoma karatasi, dada, chuma hawajui kukisoma." Akawasha sigara. "Halafu jina lililoko pale getini kwa rangi nyekundu ni la nani? La mama yangu?"

Amesafiri. Atarudi tarehe ishirini, anataka akute bushi mezani. Ni kazi ya dakika nne. Nimeshakifunga kile kipande kwenye mashine, nikakifungua, mara mbili.

Nimeutazama uso. Mistari ipo. Inaanzia kwenye kona, pale begani, kuzunguka karibu nusu ya shafti, na inaingia ndani mpaka imebaki sehemu ndogo kama sarafu yenye chembechembe za sukari. Ile sarafu ndiyo iliyokuwa inabeba watu watatu. Kona yangu ni kali, Mjomba. Hata sasa, baada ya yote, ukiitazama inapendeza.

Uliniuliza tarehe. Karani wetu hugonga muhuri kwenye kila bahasha inayoingia. Yako ina muhuri wa tarehe sita Machi. Shafti ilikuwa imefungwa siku nane. Niliisoma nimesimama kando ya mashine. Asubuhi hiyohiyo walikuwa wamelipaka jina langu pale getini, rangi bado mbichi. Nikafikiria kwenda mgodini kuwaambia wasimamishe winchi, wakitoe kitu ambacho mhandisi wao amekisifia, kwa sababu mjomba wangu kiziwi ameandika hivyo. Nikajiambia chuma ni kizuri. Nikajiambia nitakwenda Jumatatu. Ziko Jumatatu nyingi kati ya Machi na Mei. Barua niliiweka kwenye droo ya visu.

Nimekujibu. Nawe nijibu. Ya kwangu ilikufikia lini, na mpaka tarehe mbili Machi ulikuwa unafanya nini?

Na nikitaka kukikata kile kipande kibebeke mkononi, nikikate kwa kifaa gani?

Mpwa wako


10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo sina habari za jirani wala za suruali.

Barua yako ilinifikia tarehe tisa Februari. Jibu niliandika siku hiyohiyo, maneno mawili: zungusha kona. Nikaona utaniuliza, "Mbona ulinifundisha kinyume?" Nikalichana, nikaandika jingine lenye sababu. Nikalisoma, nikaona aliyeandika ni mtu nisiyetaka umjue. Nikalichana na hilo. Nilichana barua siku ishirini na moja. Niliyokutumia ndiyo iliyobaki baada ya kuondoa ukweli wote isipokuwa ule wa chuma. Ningetuma yale maneno mawili, yangekufikia kabla hujawasha mashine.

Haya, mjue.

Nilikuwa na umri wako, pale kiwandani. Nilikereza shafti ya kreni. Kona yangu ilikuwa kali, watu wa zamu nyingine walikuja kuitazama. Ilikatika mwezi wa tano baada ya kufungwa, mzigo ukamwangukia mpaka rangi mmoja. Walisema mwendesha kreni alinyanyua kwa pupa. Vipande vilirudi kwangu kama vilivyorudi kwako. Nikaona mistari. Sikuwa na cheti, lakini nina macho. Msimamizi akaniambia safisha uso, nikasafisha. Mwendesha kreni akafungwa miaka minne.

Alipotoka alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli mtaani kwetu. Kila asubuhi nikipita alikuwa ananisalimia. Hajui kitu mpaka leo, kama bado yupo. Mimi nikawa namwonyesha sikio, kwamba sisikii. Kwake nilianza kuwa kiziwi miaka miwili kabla ya kuwa kiziwi kwa watu wengine. Watu walipouliza mbona nimeacha mashine mapema, niliwaambia masikio. Nawe nilikuambia masikio.

Halafu nikakufundisha kona kali. Ungeniuliza kwa nini, ningesema ni mazoea. Kusema kweli, siku niliyokufundisha kuizungusha, ningekuwa nimekiri.

Umeuliza ukate kwa kifaa gani. Usitumie mashine ya kukereza, itaifuta mistari. Usitumie jiwe la kukatia, moto wake utabadilisha rangi ya uso na mjanja mmoja atasema umeungua. Tumia msumeno wa mkono. Kata mbali na kona, upana wa viganja viwili, uache bega lote lionekane. Itakuchukua muda mrefu na mkono utauma. Uso usiuguse kwa kidole. Jasho linaleta kutu. Paka grisi, funga kwa kitambaa safi.

Ukipitisha kisu, hutasikia lawama kutoka kwangu. Sina mdomo wa kukulaumu. Ila nakuambia kitu nilichojifunza bila mwalimu: zile dakika nne haziishi. Mimi bado nimesimama pale kwenye mashine.

Barua hii mpe atakayeitaka.

Mjomba wako


27 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Nilikata kwa msumeno wa mkono, saa ya chakula, siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza mmoja wa wale wanaume wasionisalimia alisimama akatazama. "Mashine zimejaa hapa, wewe unakata kwa mkono. Hicho cheti chako walikupa au uliokota?" Niliendelea kukata. Alisimama muda mrefu, akautazama ule uso, akayatazama meno ya msumeno. Siku ya pili alikuja, akanishikia upande wa pili ili chuma kisicheze. Bado hanisalimii.

Kesho alirudi akakuta kipande kifupi na bushi hakuna. Nilikuwa nimeshaondoka. Nimesikia jina limepakwa chokaa.

Nilimpelekea mkaguzi wa mitambo. Ni mtu mdogo, mwenye mafua, alikuwa anakula ndizi. Alifungua kitambaa, akaiweka ndizi chini, akachukua lenzi. Aliipitisha juu ya mistari. Halafu akauliza, "Nani alikereza hii?"

"Mimi."

"Kwa mchoro wa nani?"

"Mchoro haukuwepo. Sampuli ilikuwa na kona iliyozunguka. Niliinyoosha."

"Kwa nini?"

"Nilidhani imekosewa."

Aliandika. Alipomaliza alinitazama kama mtu anayetaka kunipa mlango. "Basi hukujua," akasema.

Nikampa bahasha yako ya tarehe mbili Machi, yenye muhuri wa karani wetu. Alisoma, akaugeuza muhuri kwenye mwanga. Hakuchukua tena ile ndizi. Barua yako ya mwisho nayo nimempa, maana ulisema apewe atakayeitaka, naye aliitaka. Amesema watakutafuta. Watakuuliza kwa maandishi.

Polepole ametoka tarehe 24. Nilimpokea getini. Viganja vimepona vibaya, vidole havikunjiki vyote. Tulitembea mpaka kona ya barabara, ndipo akasema, "Dada, uliniambia nisikilize mlio."

"Ndiyo."

"Nilisikiliza kila siku. Haukulia."

Alichukua nguo zake nyumbani, akaenda kukaa kwa rafiki yake. Mchumba alikuja jana, nilimwelekeza huko.

Ijumaa niliitwa tena ofisini kwa mkaguzi. Alikuwa amewasomea ndugu wa marehemu ile barua yako ya Machi, ndiyo sheria yao. Nikawekwa kwenye benchi la korido nisubiri. Yule mke wa marehemu, aliyenishika mkono mazishini, alitoka akaja kukaa kando yangu. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Alikaa akiwa ameshika mkoba wake magotini.

"Ni wewe uliyekuja kutuzikia," akasema.

"Ni mimi."

"Wanasema uliandikiwa barua. Mimi sikuelewa vizuri mle ndani, wanasoma haraka. Uliipata lini?"

"Tarehe sita, mwezi wa tatu."

"Na yeye alikufa tarehe tatu, mwezi wa tano."

"Ndiyo."

Jumatatu nimeambiwa nirudi, nije na nguo za kubadilisha. Sijui ni kwa siku ngapi. Usije, Mjomba, wakikuhitaji watakufuata, na kifua chako hakiwezi safari. Lakini nilitaka ujue lile la benchi, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia.

Aliuweka mkoba chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, siku moja moja, midomo inatembea bila sauti. Vidole vikaisha, akarudi kwenye kile cha kwanza. Vikaisha tena. Nami nikakaa, nikamsubiri amalize.